Madumu ya Mtaalamu Optatus

Bwana shamba alisema mengi siku ile pale Mwamkulu. Dumu la dawa ya wadudu likiisha lisuuzwe mara tatu, litobolewe, lipelekwe kituo cha kukusanyia mjini. Lisitiwe maji, lisitiwe mafuta, hata mbwa asinyweshewe humo. Wakulima walisikia hatari. Optatus, kijana wa Mpanda mjini ambaye kazi yake haijulikani hata na mama aliyemzaa, alisikia neno moja tu: bure.

Kesho yake huyo, kizibao cha kung'aa kama cha mafundi barabara, kalamu tatu mfukoni, nyumba kwa nyumba na guta la kukodi la magurudumu matatu. "Mazingira, wazee wangu! Toeni madumu tukayateketeze kitaalamu!" Watu wakatoa. Wengine wakamshukuru kwa mahindi ya kuchoma. Jamani, kuna wizi unaopewa na asante juu!

Ateketeze nini? Alibandua karatasi zenye picha ya fuvu, akayasugua madumu kwa sabuni ya unga, akayaanika, kisha, kizibao kikiwa mwilini, akashika njia ya Majimoto siku ya mnada. Mpunga ulikuwa umevunwa, na akina mama walikuwa na shida ya vyombo. Bei yake ilikuwa ndoo moja ya mpunga kwa dumu moja.

"Madumu ya mafuta ya kula haya, yametoka Dar! Tia maji, tia maziwa, tia hata mapenzi ukitaka!"

Kufika saa sita magunia mawili yameshajaa, na Optatus anaimba. Specioza, mama wa mapacha, alikuwa analiosha dumu lake tayari kuchotea wanawe maji ya kunywa. Hapo ndipo Nyanzala, muuza maziwa aliyekuwa mteja wa kwanza asubuhi, aliporudi ameshika kikombe kimejaa pomoni.

"Mwanangu, umetufaa sana. Karibu maziwa. Yamekaa ndani ya dumu lako tangu asubuhi."

Optatus akaacha kuimba. "Asante, mayu," akasema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Nimeshiba."

"Maziwa hayataki nafasi."

"Tumbo langu na maziwa haviivi."

"Basi onja tu, usiniaibishe mbele ya watu."

Watu wakaanza kusogea. Optatus akatabasamu, maana mjanja hakosi kichaka. "Mayu, mila tunazijua sote. Anayetoa kinywaji huonja kwanza, kumtoa mgeni wasiwasi wa sumu."

"Umesema kweli kabisa," Nyanzala akajibu. "Na dumu kalitoa nani?"

Soko zima likaangua kicheko. Mjanja kajifunga kamba mwenyewe, na fundo kakaza kwa meno! Akakipokea kikombe, maziwa yakamwagikia kizibao. Akakisogeza mdomoni. Akakishusha.

"Mbona hunywi?" Specioza aliuliza, na sasa dumu lake ameliweka chini.

"Nitakufa, mama! Lilikuwa na dawa ya wadudu! Yote yalikuwa na dawa!"

Loo! Kelele zilizopigwa hapo, acha tu. Specioza alilia kwa hasira na kumrushia kandambili. Vijana walitaka kumvunja mbavu, Nyanzala akawazuia, akampa msumari wa inchi sita na jiwe. Mpunga ukarudi kwa wenyewe. Optatus akatoboa madumu yote, moja baada ya jingine, kwenye jua la Majimoto, huku mwenyekiti wa soko akimsubiri kwenye guta wayapeleke pamoja mpaka kituo cha kukusanyia.

Alipopiga la mwisho, Nyanzala akakichukua kile kikombe, akanywa mpaka chini. Watu wakapiga mayowe.

"Nyamazeni nyie! Haya yametoka kwenye kibuyu changu. Dumu lake sikulitia hata tone. Miaka kumi na mitatu nimepulizia pamba dawa, harufu yake naijua."

"Sasa mbona hukutuambia mapema?" Specioza akauliza.

"Ningesema mimi, mngesema Nyanzala ana roho mbaya, vya rahisi vinamuuma." Akafuta mdomo kwa kanga. "Nyie mlikuwa mnaamini kizibao. Nikakiacha kiseme chenyewe."