Mimi ni Mchawi, Mitaro Wachimbe Wengine

Jumatatu, 3 Machi
Nimekasirika mpaka nimeisahau pasi juu ya kola ya mteja. Imetoboka! Kosa ni la shemeji, mdogo wake mke wangu. Sote tunacheza mchezo mmoja kwenye simu, ule wa ufalme wenye matabaka. Yeye Mchawi, anarusha radi. Mimi na mke wangu Wachimba Mitaro. Tunachimba ili maji ya uchawi yapite, yeye ayachote kwa fimbo. Leo nimemwomba anidhamini niingie tabaka lake. Akasema mchimbaji hapandi, na nisimchafulie kanzu. Mimi! Niliyempokea kwangu hana hata godoro!

Jumanne, 4 Machi
Dawa yake nimeipata. Nimewaandikia wachimbaji wote tuweke majembe chini kuanzia Ijumaa. Bila maji, fimbo ni kuni tu. Mke wangu aliacha kumenya viazi, akasema tangu tuoane leo ndiyo nimesema la maana. Masikini, anadhani nawapigania wachimbaji. Mimi nataka shemeji anikome.
Tajiri wangu pale kwa dobi ameiona ile kola. Kanitukana mbele ya wateja.

Alhamisi, 6 Machi
Wachawi matumbo joto! Shemeji kaja mwenyewe, sauti laini, shikamoo mbili. Amesema wataniingiza kwenye tabaka lao nikiachana na mgomo. Bila mimi, eti, utakufa wenyewe. Nimekubali kabla hajamaliza. Mke wangu bado sijamwambia. Atafurahi tu, mke wa mchawi!

Ijumaa, 7 Machi
Fimbo ninayo! Kanzu ya zambarau, nyota mabegani. Nikapanda mnarani, nikamlenga shemeji kwa radi. Ikatoka cheche moja, ikazimika. Mitaro mikavu! Hakuna mchimbaji aliyegusa jembe. Na nani anawaongoza? Mke wangu! Nikamwamuru asitishe mgomo mara moja. Akaniuliza nasema kama mumewe au kama mchawi. Nikasema mchawi. Ulimi huu, jamani! Chakula nimejipakulia mwenyewe, na kilichobaki ni ukoko.

Jumapili, 9 Machi
Wachimbaji wameshinda. Wenye mchezo wametangaza kuwa fimbo na maji sasa ni vya wachimbaji, na mchawi wa zamani akitaka kuendelea kucheza, awaombe. Shemeji kaomba, kapewa jembe, anachimba huku anapiga mluzi. Hana haya! Mimi hata mchezo ulikuwa umeshanitoka. Kilichoniuma ni kwamba mke wangu hasemi nami tangu Ijumaa, na nyumba imekuwa baridi. Basi nikameza kiburi. Nikamfuata jikoni, nikamwambia nimekosa, anirudishe. Akacheka, yule mke wangu wa siku zote! Akasema nafasi yangu ipo, nichukue jembe tu.
Nikaona mambo yamelainika. Nikaweka sharti moja dogo, kwamba niwe mwenyekiti wa wachimbaji.
Naandika haya nje, nimekalia ndoo. Mlango kaufunga kwa ndani. Wachimba mitaro ndivyo walivyo, hawana shukrani hata kidogo.