Steki Pané kwa Kitanda Kimoja

Alhamisi, 27 Mai 2021. Kalengera

Tumefika. Mimi, mama, godoro hapana, sufuria mbili. Asubuhi serikali ilitoa orodha ya mitaa ya Goma inayopaswa kuhama, eti volkano inaweza kutokea tena chini ya miguu yetu. Katindo yetu haikutajwa. Mama alisema lava haisomi orodha. Tulivuka lava ya Munigi kwa miguu, bado inachoma kandambili. Mama nilimubeba mgongoni mpaka kwenye lori. (Yeye anasema alitembea mwenyewe. Sawa, alitembea, lakini mimi nilikuwa mbele namutia moyo.)

Goti lake limevimba tangu Jumamosi, alipoanguka tukikimbia moto. Sasa liko kama papai.

Muzee Niyitegeka alitukuta mbele ya kanisa, akatuchukua kwake. Si sisi peke yetu. Kuna pia Théoneste, kijana wa Munigi, na nyanya yake, tate Mukakalisa. Nyumba yao lava imekula. Théoneste ana diplome na anaitembeza ndani ya plastiki. Mimi niliishia mwaka wa pili wa sekondari, na sijamuomba mutu pole.

Tatizo: chumba cha wageni kina kitanda kimoja. Wengine ni mukeka, kwenye jiko la nje, mvua inaingia. Muzee amesema ataangalia nani akipate. Ataangalia nini?

Ijumaa, 28 Mai

Mama hakuweza kuamka. Nilimuvuta kwa mikono miwili kama ninang'oa muhogo. Hakulia, na hicho ndicho kiliniogopesha. Usiku tano zingine chini pale, hatatembea tena. Kitanda lazima.

Nikakaa na muzee, kumupeleleza. Zamani za Zaïre alifanya miaka kumi na moja kwenye hoteli ya watalii ndani ya parke ya wanyama. Mukata majani. Kila siku saa sita sahani zilipita mbele ya pua yake: steki ya nyama ya pori, imevalishwa unga wa mukate, imekaangwa mpaka inang'aa. Wazungu waliita pané. Hakuonja hata siku moja. Harufu tu, miaka kumi na moja. Aliposema hivyo akameza mate.

Nikaona kitanda kinatembea kuja kwangu.

Nikamwambia mimi ni mupishi wa hoteli kubwa ya Goma, kando ya ziwa, upande wa pané. (Niliosha sahani pale wiki tatu. Mutu akiosha sahani wiki tatu anajua kilichokuwa ndani.) Muzee aliniangalia sana. Akasema mwaka wa 2008 yeye mwenyewe alikimbia vita, akalala Goma kwa watu, ndiyo maana hafungi mulango. Lakini tangu hapo amepokea wakimbizi wa kila rebelioni, na wote, kwa maneno yao, kule walikotoka walikuwa watu wakubwa. Hajawahi kupokea hata mutu mudogo mumoja. Halafu akauliza: utanipikia lini?

Nikasema Jumatano. Mbona nilisema Jumatano?

Jumapili, 30 Mai

Nimepata mutu wa nyama. Anaitwa Kataliko, anapita na pikipiki, anaongea kama ana kidonda mdomoni. Nyama ya parke imekatazwa. Walinzi wakikukuta nayo unaenda kulala ndani. Nilitetemeka, lakini kwa ndani, nje nilipiga mluzi. Nimemupa jaketi yangu ya ngozi. Ataleta mbawala Jumanne, bila kukosa.

Nikatangaza kwa nyumba nzima: mbawala anakuja. Muzee na muke wake pekee hawakuwepo, walikuwa misa ya pili. Théoneste akaniuliza kama nina hakika ni mbawala. Hakika. Mbawala kabisa? Kabisa. Akatabasamu, akabeba bidoni, akaenda kuteka maji. Wivu ni ugonjwa.

Jumanne, 1 Juni

Kataliko hakuja. Walinzi wamejaa barabarani, watu wanasema amekimbilia Uganda. Na jaketi yangu.

Nimepasua kuni za bucha, muuza nyama wa hapa, tangu asubuhi, akanilipa kwa nyama ya ng'ombe. Ya shingo. Ng'ombe mwenyewe inaonekana alikufa kwa uzee. Nikakaa, nikafikiri, nikapata nuru: steki pané inavaa koti. Ndani ya koti nani anajua ni nani? Ng'ombe ataitwa mbawala. Muzee hajawahi kuonja.

Mukate hakuna. Sisi wakimbizi tumeumaliza wote. Nimechukua biskuti za musaada, zile za vitamini. Zetu, na za Théoneste pia, alipokuwa amelala. Yeye ana diplome, atashiba nayo.

Jumatano, 2 Juni

Naandika mikono ikinuka mawese. Nitasema yote.

Kwanza nilipiga nyama kwa mutwangio wa sombe, mchi wa majani ya muhogo, ilainike. Shingo ile iligoma. Nikapiga kwa nguvu zote, sahani zikalia kabatini. Mara tate Mukakalisa akapaza sauti, mutetemeko, mutetemeko! Wote wakakimbia nje, muzee na kiatu kimoja, mama kwa goti lile. Majirani wakatoka pia. Wanawake wawili walianza rozari. Niliacha wafike fumbo la tatu ndipo nikasema ni mimi. Sitaeleza majina niliyoitwa.

Halafu chumvi, unga, mayai mawili, biskuti zilizosagwa. Nikatumbukiza ndani ya mawese. Biskuti ina sukari. Hoteli hawakuniambia kwamba sukari inaungua. Rangi ya dhahabu ilikaa kama dakika moja, ikaenda. Steki tano, nyeusi, ngumu, zinang'aa. Kwa mbali, nzuri sana.

Muzee alikuwa amevaa shati nyeupe yenye kola. Muke wake, mama Mukamugema, alitandika kitambaa mezani. Muzee akakata kipande, jasho likimutoka, akakiinua, akakiangalia. Akaniuliza, mutoto wangu, hii ni nyama gani kabisa? Mimi na kifua mbele: mbawala.

Uma ukarudi chini.

Mama Mukamugema alijifunika mdomo. Muzee akasema polepole kwamba katika ukoo wao mbawala haliwi. Baba yake hakumula, babu yake hakumula. Anayekula ngozi inabanduka. Hata kule hotelini, siku ya mbawala aligeuza uso. Nikamuangalia Théoneste. Théoneste alikuwa anaangalia paa. Alijua mwiko huo tangu Jumapili.

Basi nikasema kweli. Kweli safi, ya kwanza tangu tufike: ni ng'ombe, muzee, ni shingo ya ng'ombe. Hakuna aliyeamini. Muzee akasema jambo la ajabu, aliposhika uma nyama ilikuwa mbawala, alipouweka imekuwa ng'ombe. Akingoja kidogo itakuwa haragi? Nikasema bucha aitwe. Bucha alikuwa amepanda Rutshuru kwa dada yake.

Théoneste akajitolea kuonja, kama shahidi. Alitafuna macho yamefungwa. Akatamka: mbawala, dume, wa umri mukubwa. Kwa vile ana diplome wote wakakubali. Akala nne, ili, eti, zisiharibike.

Muzee alirudi kula maharagi na shati yake nyeupe. Hakunifokea. Heri angefoka. Alisema tu kitanda ni cha tate Mukakalisa, kuanzia leo.

Alhamisi, 3 Juni

Sikulala. Nilipanga maneno ya kumwambia mama. Kufika kwenye mukeka wake, hayupo. Nikaogopa. Nikazunguka nyumba, nikaita, nikachungulia hata kwenye choo.

Alikuwa kitandani. Tate Mukakalisa kando yake, wamegeuziana miguu, wanacheka. Tate alimwambia muzee kitanda ni kipana na yeye hawezi kulala bila mutu wa kuongea naye. Kumbe tangu Ijumaa wanachambua maharagi pamoja na mama Mukamugema. Walikuwa wamekubaliana siku nyingi. Walingoja tu wanaume wamalize mambo yao.

Goti limeshuka kidogo. Mama aliniuliza biskuti zake ziko wapi.

Nimefikiri vizuri: ni harufu ya steki iliyolainisha mioyo. Haiwezi kuwa kitu kingine.

Jumamosi, 5 Juni

Bucha amerudi. Akapita njiani, akaniuliza kwa sauti ya soko kama ile shingo ya ng'ombe ilipikika. Muzee alikuwa nyuma yangu.

Akaniuliza Théoneste alikula steki ngapi. Nne. Muzee akamupa Théoneste shoka, akamwambia aende akapasue kuni za bucha mpaka shingo nyingine ipatikane. Diplome iliachwa juu ya kiti.

Nikapika tena, na safari hii mama alisimama nyuma yangu na mwiko, biskuti hapana, unga wa mahindi tu. Muzee akavaa shati. Alitafuna nusu saa nzima. Sisi tunamungoja kama matokeo ya mutihani wa serikali. Akameza. Akasema sasa ndiyo anaelewa kwa nini wazungu walikuwa wanarudisha sahani hazijaisha.

Lakini alimaliza yake, akaomba na ya mama Mukamugema. Mimi niliona.

Jumanne, 8 Juni

Redio imesema watu wa Goma wanaweza kurudi. Lori moja, watu mia. Nyuma watu wamesimama kama miti, hakuna pa kukaa. Mbele kwa dereva nafasi mbili. Mama hawezi kusimama mpaka Goma. Kila mutu anamubembeleza dereva, Théoneste anamuonyesha diplome.

Mimi nilipita pembeni. Nikamwambia dereva kwa sauti ya chini kwamba sauti ya motere ya lori yake siipendi, na kwamba mimi ni fundi wa malori, miaka sita, upande wa dizeli. Akafungua mulango mwenyewe. Mama na tate Mukakalisa wako mbele, mimi katikati yao, nimekalia sanduku la vyuma vya kazi. Théoneste yuko nyuma, amesimama. Safari nzuri. Nimeonyesha mama mulima, moshi kidogo tu.

Tumesimama. Si kituo. Dereva ameshuka, amefungua boneti, mvuke unatoka. Ananiita fundi, fundi. Watu mia wote wameshuka, wamefanya duara.

Mama ananiangalia. Nimemwambia dereva angoje kidogo, naandika kwanza vyuma nitakavyohitaji.