Yah: Nesi Anayetupa Dawa ya Mke Wangu

Kwa Bibi Matroni, wodi ya saratani.

Marahaba. Naitikia kabla hujaniamkia, maana kiumri wewe ni binti yangu. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe, Pankrasi wa Majengo, darasa la nne la zamani, ambalo ni sawa na chuo cha sasa.

Namshitaki nesi Nasrin. Mke wangu Adela anatibiwa kwake kwa dripu ya saratani, na makosa ni haya:

1. Anapomhudumia huvaa gauni refu, barakoa na glavu mbilimbili, kama anakwenda kupulizia mikorosho dawa. Adela ni msafi. Hata mapadri wamekula kwake.

2. Dripu ikiisha, chini ya mfuko hubaki dawa kidogo. Nilimwambia, mjukuu wangu, nifungie nikampe nyumbani amalizie. Akasema, "Babu, hiyo sasa ni taka, tena ni sumu," akaitupa pamoja na mrija wake kwenye ndoo ya njano yenye mfuniko. Nauliza: kilichokuwa dawa ndani ya mke wangu kinakuwaje sumu kikifika kwenye ndoo?

3. Nilipofunua ndoo niiokoe, alinipigia kelele, "Babu, toa mkono!" mbele ya Hironimus fundi cherehani, aliyekuja kumjulia hali Adela, mtu anayeniheshimu. Kisha akanisimamia ninawe kwa sabuni kama mtoto wa chekechea. Mimi enzi zangu nimechanganya dawa ya kupulizia tumbaku kwa mkono mtupu, na meno yote ninayo.

4. Hili ndilo lililonileta. Anataka siku mbili baada ya dripu, eti dawa bado inamtoka mwilini, nivae glavu nikishika matapishi na nguo za Adela, kisha glavu nizitupe. Nitupe kitu kizima? Nilizifua nikazianika. Shemeji yangu Oliva akaziona kambani, akautangazia ukoo kwamba namwonea kinyaa dada yake. Bibi Matroni, kwetu mgonjwa wako unamshika kwa mkono mtupu, ajue bado ni wako. Adela aliyasikia maneno yale, akageukia ukutani.

Kwa hiyo Nasrin ahamishiwe kule mashambani Nakapanya, kuna mikorosho ya kutosha mavazi yake. Na masalia ya dripu nikabidhiwe mimi. Kama yanaua saratani, wadudu wa mahindi yangu watapona wapi?

Nisalimie madaktari, wafagizi, na hata yule mlinzi wa getini anayenibania.

Mimi nisiyeshindwa,
Mzee Pankrasi

Nyongeza: Adela ameisoma. Anasema sindano ikiingia, Nasrin ndiye humshika mkono, kwa glavu zake zote mbili, wala hajawahi kuhisi anaonewa kinyaa. Anasema nisipovaa nisimguse, hataki tuugue wawili. Uhamisho wa Nasrin ufutwe. Naomba glavu za mkono mpana, nyingi. Nitazivaa hata Oliva akiwepo.