Karakana Yangu na Siri za Ulinzi

Jumatatu, 3 Machi
Hatimaye wakubwa wamenikumbuka. Bunge limepitisha sheria: vijana wafundishwe ufundi, wakihitimu waende moja kwa moja kwenye viwanda vya vifaa vya jeshi. Karakana itakayokubaliwa na wizara itapelekewa wanafunzi. Mimi nina karakana. Natengeneza ndoo, karai na mabomba ya moshi. Mwanafunzi ninaye mmoja, binti yangu, naye ameshasema nisipokubaliwa atatafuta cheti kwingine. Kwingine wapi? Kwa fundi mageti, ng'ambo ya barabara! Mtu ambaye mageti yake hayafungiki bila teke.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata akili. Mambo ya jeshi ni siri. Kwa hiyo karakana yenye siri nyingi ndiyo itakayoaminiwa. Nimepaka madirisha rangi nyeusi. Mlangoni nimeandika MARUFUKU KUINGIA. Binti ameuliza atachomeleaje gizani. Nimemjibu askari hawaulizi. Amesema yeye si askari, na tayari ameunguza kidole. Vijana wa leo hawana uvumilivu hata kidogo.

Jumatano, 5 Machi
Nimehitaji mlinzi. Mke wangu amekataa katakata, akanipa mama yake. Nimemwekea mama mkwe kiti, nikampa filimbi na neno la siri: "karai." Nimemweleza kwa adabu zote kwamba asiyelijua asipite, awe nani. Akasema amelea watoto saba na hakuna aliyewahi kumpita mlangoni. Mchana fundi mageti alikuja kuazima msasa. Karudishwa alikotoka. Nimecheka hadi mbavu zikauma.

Alhamisi, 6 Machi
Mkaguzi wa wizara kaja, na mimi sikumwona! Nilikuwa ndani gizani, natafuta nyundo. Kumbe alijitambulisha vizuri, akatoa kitambulisho. Mama mkwe akamwambia kitambulisho si neno la siri. Akaomba achungulie dirishani. Dirisha jeusi. Akaomba basi aitiwe mwenye karakana, akaambiwa kama nipo au sipo, hiyo pia ni siri. Akavuka barabara. Kwa fundi mageti milango iko wazi mpaka kuku wanapita. Akakaribishwa chai.

Nilitaka kufoka. Lakini mama mkwe hafokewi. Nimempa pole ya kazi, kisha nimeingia ndani kuzifokea ndoo.

Ijumaa, 7 Machi
Fundi mageti amekubaliwa. Na wa kwanza kujiandikisha kwake ni nani? Damu yangu mwenyewe! Amebeba miwani yake ya kuchomelea, akavuka barabara mchana kweupe. Nimemwambia amenitia aibu mtaa mzima. Akanijibu kwa upole, baba, kule naona ninachochomelea. Kikulacho ki nguoni mwako. Nimekaa kwenye benchi la binti mpaka jioni, sikugusa kazi. Imeniuma sana, siwezi kusema uongo.

Jumamosi, 8 Machi
Binti amekuja na habari. Ameniombea kwa mkaguzi. Kumbe sheria inataka na kazi ya bati, na fundi mageti haijui. Haijui! Mkaguzi yuko radhi kurudi Jumatatu. Akiridhika, binti atamalizia mafunzo kwangu, na wenzake wataletwa. Sharti ni moja tu: akute mlango wazi na madirisha yasiyo na rangi. Binti alikuwa anatabasamu. Ameshanunua na mafuta ya kuondolea rangi.

Jumapili, 9 Machi
Nimetafakari. Mlango wazi? Madirisha meupe? Mkaguzi gani wa mambo ya ulinzi anaomba vitu kama hivyo? Huu ni mtihani. Wanataka kuona kama nitalegea! Kidogo niingie mtegoni kama mtoto. Nimeongeza kufuli la pili. Madirisha nimeyapaka tena. Neno la siri nimelibadilisha, na sijamwambia mtu, hata mama mkwe.

Kesho binti yangu anarudi.