Mwanya wa Ishirini na Tano

Kibomet, Kitale
Jumatatu, 16 Agosti 2004
Leo ni miezi saba na siku tano tangu nitoke nyumbani

Kwako Shemeji Wamalwa,
Mwenyekiti wa Kamati ya Harusi ya binti yangu Nelima,
Mabanga, Bungoma.

Mheshimiwa Mwenyekiti, ambaye pia ni kaka wa mke wangu,

YAH: MZEE HIRAM WACHIRA ASIKARIBISHWE HARUSINI

Natumaini kamati haijambo na hema limepatikana. Mimi mgongo unaniuma, na mikono inanuka petroli hata nikila ugali. Ninaandika kwa heshima zote kumshtaki mwajiri wangu, ambaye ulinipeleka kwake wewe mwenyewe ukisema ni mtu wa maana.

Uliniambia kazi ni kupukuchua mahindi. Mahindi yaliisha Februari. Tangu hapo ninatumikia gari moja, Moris ya mwaka 1957, linalonizidi umri, na halijawaka hata siku moja. Mzee anadai lilikuwa likiwaka vizuri kabla sijaligusa. Wazee husahau. Sasa ameapa kwamba sitoki hapa mpaka liwake kwa mzunguko mmoja wa hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini. Harusi ni tarehe 28, na baba ndiye anayemshika binti mkono kumwingiza kanisani. Kwa hivyo soma malalamiko haya polepole, tena mbele ya kamati.

1. Gari hilo lina plagi nne. Kwenye ncha ya kila plagi kuna nafasi ndogo ambapo cheche huruka. Nafasi ikikosewa, injini hukohoa ikalala. Kitabu cha gari, ambacho ni cha Kiingereza na kimeliwa na panya, kinasema ishirini na tano. Mimi niliishia darasa la saba, lakini ishirini na tano naijua. Nilikwenda mjini nikanunua kipimo changu mwenyewe, vile vibati vyembamba vyenye namba, nikatafuta kibati cha 25, nikapima. Je, mzee yeye hupima kwa kitu gani? Kwa kipande cha kasha la majani ya chai, kimekunjwa mara moja. Kasha la chai, Mwenyekiti! Mtu ana ekari arobaini na trekta mbili, lakini sayansi yake bado iko jikoni.

2. Nafasi hiyo mzee anaiita mwanya. Kila asubuhi anainama, anafumba jicho moja, anasema, "Mukhisa, nilikwambia mwanya, wewe umeniwekea ufa. Hapa hata sisimizi akipita atakwama." Namwonyesha kibati changu. Anacheka mpaka kofia inaanguka. Kisha nazungusha hendeli, gari linakohoa mara mbili, linanyamaza. Yeye anasema ni ufa. Mimi nasema ni uzee, bila kutaja wa nani.

3. Hili linakuhusu wewe. Wiki jana nilichoka nikamjibu, "Mzee, usinifundishe mwanya, mimi nimeoa mwenye mwanya." Akasema mbele ya mkewe na watu wa kukamua ng'ombe, "Basi si uweke kama wa mke wako!" Shemeji, meno ya Nabwile, dada yako wa tumbo moja, yametajwa ndani ya injini. Tangu siku hiyo wale wa kukamua wananisalimu, "Sasa, Bwana Mwanya!" Ukoo mzima umepakwa grisi.

4. Jana kanisani aliliombea gari, halafu akamwombea na fundi wake afunguliwe macho. Watu wote waligeuka kunitazama. Mimi nilikuwa nimeshasema amina.

Kwa hayo, naomba kamati ipitishe yafuatayo. Mzee Wachira afutwe katika orodha ya wageni. Akija kwa nguvu, awekewe kiti nyuma ya jiko, upande wa moshi, na asipewe chai, aonyeshwe kasha tu. Mtu yeyote katika wilaya yetu anayepima chuma kwa takataka za jikoni asioe kwetu wala asiolewe. Na wewe uliyenileta, uje ushike hendeli badala yangu, kwa sababu mimi naondoka, liwake lisiwake.

Nisalimie Nabwile, Nelima, mama, kwaya, kamati nzima, na yule jogoo mwekundu kama hajachinjwa. Nitafika Ijumaa tarehe 27 kabla ya jua kutua, kwa miguu ikibidi, na asiniulize mtu habari za magari.

Mimi shemeji yako niliyeonewa,
Mukhisa,
Fundi.

N.B. Bahasha nimeshaifunga, kwa hivyo naandika mgongoni mwake. Watu wa posta wasisome. Jioni hii Mama Waithera, mke wa mzee, mwalimu mstaafu, alivaa miwani akasoma kile kitabu. Kabla ya ishirini na tano kuna nukta na sifuri, na baada yake kuna neno inchi. Kibati changu ni cha milimita, tena ile 25 yake ni robo tu ya milimita moja. Maana yake miezi hii yote plagi nimezibana, hata nusu ya kipimo sikufika. Mzee alitoa kile kipande cha kasha mfukoni, akanipa. Nikapima nacho. Hendeli moja, Shemeji. Moja! Kuku waliruka ua.

Ijumaa tunakuja na gari hilo, mzee akiendesha. Amesema mwenyewe kwamba ndilo litakalompeleka Nelima kanisani. Mpeni kiti cha mbele, mbali na moshi, na chai ya maziwa mengi. Barua iliyomo humu ichome bila kuifungua. Na mwambie Nabwile nimeutazama ule mwanya kwa makini: kweli, unafanana na wake.