Hilali ya Kale Niliyoizika Mwenyewe

Jumatatu, 7 Oktoba
Upepo wa jana umeangusha hilali, ule mwezi wa shaba wa kileleni mwa mnara wa msikiti wetu. Hakuna aliyeumia. Habari njema kabisa! Ijumaa baada ya sala kamati itachagua fundi wa kufua mpya. Hapa mtaani kwetu Üsküdar wafua shaba tumebaki wawili: mimi Rıfkı, na Muzaffer wa ng'ambo ya barabara, anayeshika nyundo kama mwiko. Nikiikosa kazi hii, karakana ya marehemu baba inafungwa. Mke wangu Bedia keshapanga: nitauza magodoro dukani kwa kaka yake. Magodoro! Mimi!

Jumanne, 8 Oktoba
Muzaffer kaniwahi. Anatangaza mkahawani kuwa babu wa babu yake, akiwa vitani, aliona mwezi na nyota ndani ya dimbwi la damu, na ndipo bendera yetu ikazaliwa. Kila familia nchi hii ina babu aliyesimama kando ya dimbwi hilo. Basi dimbwi hilo lilikuwa bahari. Wengine wanang'ang'ania ndoto ya Osman, baba wa masultani, aliyelala kwa shehe akaona mwezi ukitoka kifuani mwa mwenyeji wake na kuingia kifuani mwake. Maneno matupu. Mimi nitaleta ushahidi. Nimefua hilali ndogo yenye nyota, nikaipaka siki na chumvi, nikaizika uani chini ya mkomamanga.

Alhamisi, 10 Oktoba
Nimeichungulia. Imeota kutu ya kijani, raha kuitazama! Bedia kauliza siki ya achari zake imekwenda wapi. Nimemjibu kuwa historia nayo ina kiu. Hakucheka.

Ijumaa, 11 Oktoba
Siku ya mkosi. Nilialika kamati nzima kwa chai uani, na Muzaffer pia, ili aumie kwa karibu. Nikajifanya napalilia. Jembe likagonga shaba. Nikashtuka vizuri sana, maana nilishafanya mazoezi mbele ya kioo. Nikasema hii ni kazi ya ukoo wetu, tangu kabla sultani hajauteka mji wa ng'ambo ya bahari, na kwamba alama ya mwezi na nyota ilianzia karakanani kwetu. Imamu akaibusu! Muzaffer akapauka.

Ndipo Mübeccel, mwalimu mstaafu wa historia na katibu wa kamati, akavaa miwani.

"Rıfkı, mwanangu, nyota yako ina ncha tano. Kwenye bendera za zamani zilikuwa nane. Hizi tano zimekuja juzijuzi tu, enzi za babu wa babu yangu."

Hakuishia hapo. Akaeleza kuwa mwezi na nyota ni vya kale kuliko masultani wote: vilikuwa kwenye sarafu za mji huohuo wa ng'ambo, enzi watu wake wakiabudu mungu wa kike wa mwezi. Nikaona mlango umefunguka. Nikasema kwa sauti kwamba hata hizo sarafu tulizifua sisi.

Imamu akaweka gilasi chini taratibu.

"Rıfkı Efendi, unataka hilali ya msikiti niupe ukoo wa waabudu mwezi?"

Muzaffer alicheka mpaka akamwaga chai. Kazi kapewa yeye.

Jumamosi, 12 Oktoba
Nimefunga karakana. Nyundo ya baba nimeileta nyumbani. Nimelia, na Bedia akajifanya anakata vitunguu. Nimepiga hesabu ya kosa langu: ncha tatu tu. Ncha tatu!

Jumatatu, 21 Oktoba
Siku ya kwanza dukani. Shemeji kanipa kazi ya kufukuza paka. Dirishani naiona hilali ya Muzaffer juu ya mnara. Imekaa upande.

Alasiri kaja bibi mmoja, akauliza godoro hili lina nini cha ajabu. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia. Nikamnong'oneza kuwa Osman aliota ndoto yake juu ya godoro la aina hiihii, na hati ya kale ipo. Akajilaza, akafurahi. Kesho atarudi kuiona hati, pamoja na dada yake, mwalimu mstaafu anayependa sana historia. Mteja wa pili huyo, bila jasho!

Karatasi ya hati ipo kwenye chai, inalowa ionekane ya kale. Nyota nimeichora ncha nane. Nimezihesabu mara mbili.