Kibao Kilivyomgeukia Kiguu na Njia

Kwenye benchi la Mama Kahawa, Kinyozi alikunjua gazeti, akajipangusa kahawa midomoni, akasoma kwa sauti: mwenyekiti wa chama cha madereva, aliyemfukuza katibu kwa kuchelewa mikutano, naye kafukuzwa. Kosa lake, kachelewa mkutano wa kumjadili yeye mwenyewe.

"Kibao kimegeuka," akasema Msumari, fundi seremala. "Lakini kibao gani hasa? Mbao zote nachonga mimi, na hicho sikukichonga."

Kiguu na Njia akaweka kikombe chini. Mzee huyu alikuwa amezunguka kuliko noti chakavu, na hakuna swali lililopita benchi lile asilidake.

"Niulizeni mimi. Neno hilo limezaliwa nikiona. Nilikuwa kuli kwenye ghala moja. Msimamizi ana kibao chake: upande huu wenye kazi, upande wa pili waliofukuzwa. Asubuhi moja tajiri kakigeuza, kamwandika msimamizi. Ghala zima tukaimba: kibao kimegeuka. Mkilisikia popote, limetoka pale."

"Mwaka gani huo, mzee?" akauliza Kinyozi.

"Ndevu ndio kwanza zinaniota."

"Ajabu. Maana bibi yangu alimwambia babu maneno hayohayo, siku aliyomfungia nje. Na wewe hata mimba yako ilikuwa haijatungwa."

Msumari akakohoa taratibu. "Sheria inasemaje?"

Sheria waliijua wote. Jumatatu tu Kiguu na Njia aliipendekeza mwenyewe, akimlenga Kinyozi na chumvi zake: atakayesimulia asilolijua, anywe kahawa kimya wiki nzima.

"Wanangu, ile ilikuwa ya vijana."

"Ulisema hata mfalme haachwi," akasema Kinyozi. "Tena ukataka tunyooshe mikono."

"Wewe ulinyoosha miwili," akakumbusha Mama Kahawa, akimjazia kikombe. "Kunywa, shemeji. Kimya hakina sukari, lakini kinashuka."

Akanywa. Alishawahi kushinda siku tatu bila kula, akaziona nyepesi. Wiki bila kusema ilikuwa safari asiyoijua njia yake.

Mara akaja mteja wa Kinyozi. "Shikamooni. Hivi watu wakisema kibao kimegeuka, wana maana gani?"

Benchi zima likamtazama Kiguu na Njia. Kwa mara ya kwanza maishani jibu alikuwa nalo, tena na mashahidi watatu. Akafungua mdomo. Msumari akainua kidole.

Mzee akaufunga mdomo, akajinyooshea kidole kifuani mwenyewe.